Mengine Atakueleza Mchukuzi

Husby, Stockholm
2 Desemba 1986

Sista Clementina,

Tumsifu Yesu Kristo.

Umeniandikia kwamba kuna watu wanaokusanya majina ya waliouawa Uganda wakati wa vita, na kwamba mwezi wa kwanza watafika Nairobi kuwasikiliza wakimbizi. Umeniuliza kama nina karatasi yoyote ya marehemu Padre Matia. Ninazo. Zimekaa miaka miwili na zaidi ndani ya sanduku la viatu juu ya kabati, nyuma ya mapambo ya Krismasi. Kila Desemba, mke wangu Wamuyu akipanda kiti kuyateremsha mapambo, mimi hutoka kwenda kununua maziwa hata kama maziwa yapo.

Nakutumia zote, nimezipanga kwa tarehe. Utakutana na nakala ya moja yangu ya kuchekesha. Isome hiyo nayo. Nilitaka kuichoma, nikaona nitakuwa nimeongeza uongo juu ya upumbavu.

Ili usipotee njiani: Matia nami tulisoma seminari moja, Tabora. Yeye Mganda, mimi Mkikuyu, Kiswahili ndicho kilichotuunganisha. Yeye akapata upadre, mimi nikapata Kilatini, nikaoa, nikaja huku kuandika tasnifu. Somo langu ni barua ambazo maaskofu na mabwana wakubwa wa Galia, Ufaransa ya leo, waliandikiana dola ya Roma ilipokuwa ikianguka. Cheka ukitaka. Watu wale mashamba yao yalikuwa yanachomwa, nao wanaandikiana kusifiana ufasaha. Barua yenyewe ilikuwa fupi na tamu, habari ndani hamna, kisha mwishoni: “Mengine atakueleza mchukuzi.” Seminarini tuliwaigiza. Matia alikuwa Askofu, mimi nilikuwa Bwana wa Mizabibu, na tulipitishiana vikaratasi chini ya dawati, kuombana wino kwa heshima zote za kifalme.

Katika tasnifu niliandika sura nzima kuonyesha kwamba maneno yale kuhusu mchukuzi ni pambo tu, kama mtu anavyotia sahihi “mtumishi wako mtiifu” naye si mtumishi wala si mtiifu. Sura ile ilisifiwa sana. Mwaka jana, mwezi wa tano, nilipewa udaktari kwa ajili yake. Sikuibadilisha hata nukta, Sista, na wakati huo nilikuwa nimeshajua.

Sasa soma. Ukifika mwisho utajua ninachokuomba, kwa maana wewe ndiye uliyelala chumba kimoja na Noeline.

Solomon Wachira

*

Parokia ya Nakabiso, Uganda
11 Machi 1984

Matia, mdogo kuliko watumishi wote, kwa Bwana Solomon, fahari ya mizabibu ya kaskazini: salamu katika Kristo.

Ukimya wako umekuwa mrefu hata nimeanza kuusoma kama barua. Nakusamehe, maana najua shughuli za watu wakubwa.

Sisi huku tu wazima. Kwaresima imeanza. Askari wetu wanatulinda vyema, barabara ni salama, na mvua haiko mbali. Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha ambayo kila mlinzi wa barabara anaisoma, ili ajionee mwenyewe kwamba sina neno baya na mtu.

Nakukabidhi mchukuzi wa barua hii. Mpokee kama ungenipokea mimi. Uaminifu wake nimeupima, na kumbukumbu yake inapita wino wangu. Kanuni unaijua: barua ni nusu ya neno, na nusu ya pili imo kinywani mwa aliyeileta. Mengine atakueleza mchukuzi. Mwulize, wala usichoke kumsikiliza mpaka atakapofika mwisho.

Kaa na amani, na unikumbuke unapokaa mezani.

Matia

*

Nairobi
4 Aprili 1984

Kwa Padre Matia,

Tumsifu Yesu Kristo.

Baba, nimefika. Damian dereva alinificha vizuri na magunia yake, hakuna aliyeniuliza kitu mpaka mpakani. Mpakani nilisema nakwenda kumwona shangazi. Wamenigongea muhuri wa siku tisini. Zitaisha tarehe 30 Juni.

Sista Clementina amenipa kitanda chumbani kwake. Ni mkali lakini anapika chakula kingi.

Nilikwenda ubalozini kuuliza habari za safari ya Stockholm kama ulivyoniagiza. Wanasema lazima kwanza Mwalimu Solomon aandike barua ya mwaliko yenye sahihi yake, kwamba atanipokea nyumbani kwake. Bila hiyo siendi popote. Kwa hiyo barua yako sikuweza kumpa mkononi. Nimeitia posta. Sikuongeza neno langu hata moja, kwa sababu uliniapisha nisiandike, niseme kwa mdomo tu, mbele ya uso wake. Nyuma ya bahasha nimeweka jina la Sista na sanduku lake la posta. Akiona muhuri wa Nairobi atajua mchukuzi amekwama njiani, ataniita. Umesema ni mtu mwenye akili nyingi sana.

Ile litania naisali kila asubuhi nikiwa bafuni. Wote thelathini na saba, kwa mpangilio uleule. Juzi nilimruka wa kumi na nane, nikarudi mwanzo. Sijamwangusha hata mmoja.

Binti yako,
Noeline Namubiru

*

Husby, Stockholm
26 Aprili 1984

Solomon, Bwana wa Mizabibu (na wa vyumba vitatu vya kupanga, ghorofa ya nne), kwa Matia, Askofu mtukufu: salamu!

Matia, umenifurahisha mpaka nimesoma barua yako kwa sauti kwenye treni. Mzee mmoja Mswidi alihama kiti.

Na muhuri wa Nairobi! Kumbe Askofu amewaacha kondoo wake akaenda kupumzika kwa masista, kwenye chapati. Vizuri sana. Magazeti ya huku yanaandika mambo ya kutisha kuhusu Uganda, nikawa na wasiwasi, lakini mtu anayeweza kuandika “ukimya wako umekuwa mrefu hata nimeanza kuusoma kama barua” hana shida yoyote. Umepata kila kitu: unyenyekevu wa uongo, hali ya hewa, sifa kwa wenye silaha, na yule mchukuzi! “Kumbukumbu yake inapita wino wangu.” Nimeinakili katika sura ya nne, tanbihi ya sitini na mbili, kuonyesha kwamba pambo hili bado lina uhai. Profesa wangu aliipenda.

Nikukosoe jambo moja tu, kama zamani. Umerudia. Ukishasema mengine ataeleza mchukuzi, huna haja ya kuongeza “mwulize, wala usichoke kumsikiliza”. Wale mabwana wa Galia hawakumkazia mtu jambo mara mbili. Hapo umeandika kama mtu mwenye haraka.

Wamuyu aliisoma akakunja uso. Akasema, “Baba Nyambura, huyu mchukuzi ni mtu. Huyu rafiki yako anakuomba kitu.” Nikamweleza kanuni za uandishi wa karne ya tano. Akanijibu kwamba yeye hufanya kazi nyumba ya wazee, na wazee wakitaka kwenda chooni wengi wao huanza kwa kusifu pazia. Nilicheka sana. Kesho yake akauliza tena nikamwambia aache.

Huku theluji imekwisha, imebaki changarawe barabarani, na majirani wote wa Husby wametoka kwenye roshani zao kuota jua wakiwa wamevaa makoti. Kiangazi hiki profesa ametualika katika nyumba yake visiwani, nje ya Stockholm, nikamalizie sura ya wachukuzi kwa utulivu. Tutaondoka kabla ya Midsommar, sikukuu yao ya kiangazi mwishoni mwa Juni, na kurudi mwisho wa Julai.

Andika tena. Na umsalimie mchukuzi, yule bwana asiye na miguu.

Solomon

*

Nairobi
12 Mei 1984

Kwa Padre Matia,

Tumsifu Yesu Kristo.

Baba, Mwalimu Solomon amejibu! Bahasha nene. Juu ameandika jina lako, kisha “kwa mkono wa Sista Clementina”. Nadhani aliogopa kuandika jina langu, amefanya kwa hekima.

Sikuifungua. Barua ya padre haifunguliwi. Lakini nisamehe, niliishika dirishani kwenye jua, na katikati nikaona neno “mchukuzi”. Kisha nikaliona tena chini kabisa. Basi ameuliza habari zangu mara mbili. Nililia kwa furaha, Sista akafikiri nimepata msiba.

Naituma kwa Damian pamoja na hii. Kama mwaliko umo ndani, unirudishie haraka. Zimebaki siku arobaini na tisa.

Litania bado ni nzima. Sasa nawasikia hata na sauti zao, hasa wale wazee.

Noeline

*

Nakabiso
3 Juni 1984, Sikukuu ya Mashahidi

Solomon,

Sina mizabibu leo.

Barua yako imenifikia jana. Damian alizuiwa wiki tatu. Nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka, Mungu anisamehe, kwa sababu uliandika vizuri na nilikuwa sijacheka tangu Kwaresima. Mara ya pili nilifahamu. Mara ya tatu nilitaka kukupiga.

Mchukuzi ana miguu. Anaitwa Noeline Namubiru, ana miaka kumi na tisa, binti wa katekista wangu. Nimeambatanisha barua zake mbili ili uone mwandiko wake, kwa kuwa inaelekea wewe huamini mtu mpaka awe kwenye karatasi. Mimi siko Nairobi wala sijawahi kufika. Niko hapa.

Damian ataificha hii mwilini. Akishikwa nayo, yeye nami tumekwisha, kwa hiyo naiandika waziwazi, nusu nusu haina faida tena.

Jumatano ya Majivu nilikuwa kigango cha pili. Askari walikuja kanisani Nakabiso wakati watu wakinisubiri. Noeline alikuwa sakristia akichekecha majivu. Alijifungia katika kabati la kanzu. Ofisa wao alikuwa na adabu. Alimwuliza kila mtu jina lake, na kila mmoja akalitaja lote, la ubatizo na la ukoo, wakidhani wanaandikishwa kwa ajili ya chakula. Hakuna aliyekuwa anaandika. Kisha wakatolewa kwenda upande wa shamba la kahawa. Nilirudi jioni. Thelathini na saba, baba yake Noeline mmoja wao.

Vitabu vya ubatizo vilichomwa siku ileile. Waliobaki kijijini wamekimbia, sijui walipo. Mimi niliwazika, lakini wengi walikuwa wageni waliokimbilia kwetu kutoka vijiji vingine, siwajui. Nyuso nyingine hazikuwa nyuso tena. Anayewajua wote ni Noeline, kwa sababu aliwasikia. Alinitajia usiku ule kwa mpangilio, mimi nikashindwa kuwashika, nazeeka. Sikuthubutu kumwandikia karatasi. Ikionekana kizuizini, watawafuata hata ndugu waliosalia. Nikamwambia: yageuze majina yawe litania, yashike, mfikie Solomon. Solomon yuko nchi ambayo mtu anaweza kusema jina kwa sauti. Ataandika, atapeleka magazetini, kwa maaskofu, popote. Solomon maisha yake yote ni barua, ataelewa hii kabla hajaikunjua.

Nilikukazia jambo mara mbili kwa sababu nilikuwa na haraka. Hilo uliliona. Uliliona, ukalisahihisha.

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Huku wahenga hawana tena amri. Kibali chake kinaisha tarehe 30 mwezi huu na wanamtafuta, kabati lilikutwa wazi na wameuliza binti wa katekista yuko wapi. Andika mwaliko leo. Usimjibu mtu yeyote kwanza, usimwulize profesa. Andika jina lake, jina lako, anwani yako, tia sahihi, tuma.

Sijakukasirikia. Nimeandika hivyo kisha nimekuta si kweli, lakini nitaiacha.

Matia

*

Husby
1 Agosti 1984

Binti Noeline,

Mimi ni Solomon. Nimerudi jana jioni kutoka visiwani, na barua ya Padre ilikuwa sakafuni, chini ya tundu la mlango, imefunikwa na matangazo ya maduka. Muhuri ni wa Nairobi, tarehe 22 Juni. Sisi tuliondoka siku hiyohiyo.

Mwaliko huu hapa, nakala tatu, kila moja ina sahihi yangu na ya Wamuyu. Wamuyu alikwenda nao kazini saa kumi na mbili asubuhi kuupiga chapa kwa mashine ya ofisi. Nimetuma na telegramu kutoka posta ya Kista. Usitoke nyumbani kwa masista. Ukiulizwa kibali, onyesha karatasi hii, sema unasubiri safari.

Kitanda kipo tayari katika chumba cha binti yetu Nyambura. Ameuliza kwa Kiswidi wewe ni nani, nami nimemwonyesha jina lako kwenye mwaliko.

Nitakusikiliza mpaka mwisho. Nakuapia, nitakaa chini na kalamu na sitasema neno mpaka umfikie wa thelathini na saba.

Solomon Wachira

*

Nairobi
16 Agosti 1984

Mwalimu Solomon,

Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi ni Sista Clementina. Telegramu nimeipata, barua nimeipata. Hakuna wa kumpa.

Noeline alichukuliwa tarehe 17 Julai, kwenye foleni ya mafuta ya taa, hatua mia moja kutoka langoni. Walikuwa wakikagua vibali vya wageni, na chake kilikuwa kimepita siku kumi na saba. Niliwafuata mpaka kituoni na aproni yangu. Yule aliyekuwa mezani hakuwa mtu mbaya. Alisema: “Sista, nipe karatasi yoyote inayoonyesha msichana huyu anangojewa mahali, nitakuachia.” Nilimpa picha yake ya komunyo ya kwanza, sikuwa na kingine.

Walimpandisha lori tarehe 19. Damian alikuwa mpakani siku ile kwa mzigo wake, akamwona akishushwa upande wa pili. Watu wawili walikuwa wakimngojea, wamevaa nguo za kiraia. Hakupiga kelele. Damian anasema midomo yake ilikuwa ikienda.

Damian alipofika Nakabiso alimweleza Padre. Padre Matia alivaa kanzu yake nyeupe, akachukua fimbo, akaenda kambini kumwuliza. Hiyo ilikuwa tarehe 22 Julai. Fimbo ilirudishwa na mtu aliyeiokota. Damian haendi tena njia ile.

Wewe na Noeline mlikuwa na shughuli gani sijui, naye hakuniambia. Alikuwa akisema tu, “Mwalimu ataniita.” Kila siku ya posta alivaa viatu.

Nakurudishia mialiko yako. Nakala moja nimebaki nayo, kwa sababu jina lake limeandikwa vizuri.

Sista Clementina

*

Nairobi
25 Januari 1987

Ndugu Solomon,

Tumsifu Yesu Kristo.

Nimesoma. Uliniambia nisome mpaka mwisho, nimesoma mpaka mwisho, halafu nimekaa wiki mbili bila kukuandikia kwa sababu mambo niliyotaka kukuambia si ya mtawa kumwambia mtu. Barua ile ya Padre ulinificha miaka miwili. Ungeniletea mwaka ule wa 1984, masikio yangu yalikuwa bado mabichi. Ulikuwa na aibu. Aibu ni kitu kidogo sana, Solomon, ukiiweka karibu na watu thelathini na saba. Nimekwisha kusema, sirudii.

Sasa unisikilize na mimi, kwa maana nami nina langu.

Bafu letu ni pazia la gunia na ndoo tu. Kila asubuhi Noeline alikuwa ndani, mimi nje naosha masufuria, na kila asubuhi niliisikia litania yake. Bulasio. Agata. Kalooli. Anatoli. Gonzaga. Majina ya watakatifu, na kila mtakatifu alifuatwa na neno la Kiganda. Mimi ni Mluhya, Kiganda sijui. Nikadhani maneno yale ni sifa, kama tunavyosema katika litania ya Bikira Maria, mnara wa pembe, nyota ya asubuhi. Nikafurahi kwamba wamenipa msichana mcha Mungu. Nikawa namwitikia. Yeye akitaja, mimi na sufuria mkononi najibu: utuombee. Akitaja mwingine: utuombee. Siku ya kwanza alinyamaza nilipoitikia, kama aliyeshtuka. Kisha akaendelea. Tangu siku hiyo alikuwa akiningoja nijibu ndipo amtaje anayefuata.

Miezi mitatu na nusu, kila asubuhi. Hesabu mwenyewe ni mara ngapi niliyasikia. Hakuna mtu mwingine duniani aliyeyasikia mara nyingi hivyo, ukimtoa aliyeyataja. Nami nilikuwa nawaza chumvi, nawaza kuni, nawaza kama maziwa yamefika.

Watu wa kukusanya majina walikuja Jumanne. Niliwaambia: Bulasio, Agata, Kalooli, Anatoli, Gonzaga, Yozefina. Baada ya Bulasio kulikuwa na neno linaloanza kwa Sse au Ssa. Niliwaambia kulikuwa na Anatoli wawili waliofuatana, nadhani baba na mwana, kwa sababu wa pili alimtaja polepole. Karani alikuwa kijana Mganda, mwenye heshima. Akaniambia, “Mama, kila parokia ya kwetu ina Bulasio na Agata hamsini. Bila jina la ukoo siwezi kuandika mtu.” Nikamwambia mwandike Noeline Namubiru, huyo ninaye kamili. Akamwandika. Nikamwambia mwandike Padre Matia Ssemakula. Akamwandika. Akauliza jina la baba yake Noeline, katekista, ambaye alikuwa mmoja wa wale. Sikuwahi kumwuliza. Akafunga daftari.

Umeniomba nikumbuke. Nimejaribu kila njia. Nimesimama palepale asubuhi na sufuria ileile. Nimeweka maji yakimwagika kwenye ndoo. Sauti yake naipata, hata pale ilipokuwa ikishuka kwenye wazee naipata. Halafu inakuja sauti yangu juu yake, “utuombee”, na chini yake sisikii kitu.

Sista Clementina